Povu la kifafa haliambukizi, mshikeni mgonjwa

"Usimguse, povu litakuambukiza!" Maneno haya kuhusu kifafa yanasikika hapa Bukavu, Kadutu na Ibanda, hata vinywani mwa waliosoma, na ndiyo yanayotuletea watoto walioungua. Mtoto ameangukia mbabula, jiko la makala ya moto, watu wazima wamesimama kando wakingoja povu likauke, na makala yanaendelea kula mkono.

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, si kidudu kinachoambukizwa kwa kumgusa mgonjwa. Povu ni mate: mgonjwa hawezi kuyameza, na pumzi inayotoka kwa nguvu inayachapa mpaka yanakuwa meupe. Likiwa jekundu, ameuma ulimi. Likikushika mkononi, nawa.

Kwa hiyo mshikeni. Mtoeni kwanza kwenye moto, maji au barabara, kisha tazameni saa. Kunjeni kitenge mkiweke chini ya kichwa, legezeni nguo shingoni. Mikono iacheni itikisike. Mkiikandamiza, bega linaweza kuteguka. Mtikisiko ukiisha, mlazeni ubavu, mdomo ukielekea chini ili mate yatoke. Kijiko mdomoni hapana, hata kimoja! Ulimi haumezwi, lakini jino lililovunjwa na kijiko linaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Maji na dawa ya kunywa vingoje mpaka azungumze vizuri. Mara nyingi degedege inakwisha kabla ya dakika 3. Ikifika 5, au ikirudi kabla hajapata fahamu, tafuteni gari.

"Miezi 6 hajaanguka, amepona." Hajapona, dawa ndiyo imemshikilia. Fenobarbitali, dawa ya kuzuia degedege, ikikatwa ghafla, degedege zinaweza kufuatana bila kukoma, na hizo zinaua. Kuiacha kunazungumzwa baada ya miaka 2 bila kuanguka, na munganga wa hospitali anaipunguza polepole kwa miezi. Vikibaki vidonge 7, nendeni mkachukue vingine, msingoje viishe.

Na wanaosema nyama ya nguruwe ndiyo inaleta kifafa? Anayekula nyama yake isiyoiva anapata mnyoo wa tegu tumboni. Malengelenge ya ubongoni, yale yanayoweza kuleta kifafa, yanatokana na kumeza mayai ya tegu yaliyotoka kwenye choo cha mtu, kwa mikono au mboga zisizooshwa. Hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata.

Na mlevi wa kanyanga aliyeacha jana akaanguka leo hajarogwa. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akikatisha ghafla, anaweza kupata degedege kati ya saa 6 na 48. Msimfungie chumbani "pombe imtoke". Mpelekeni hospitali, au kituo cha magonjwa ya akili kama SOSAME, aache chini ya uangalizi.