Ukiumwa mgongo, usikimbilie godoro gumu

Mtu akianza kulalamika mgongo, ushauri wa kwanza anaopewa nyumbani huwa ni kubadili godoro, na godoro analoelekezwa huwa gumu. Wengine huambiwa waweke ubao chini yake, wengine walale sakafuni kabisa. Ushauri huo haukutoka mitaani tu, kwani kwa miaka mingi hata madaktari wa mifupa waliutoa. Sisi wa tiba ya viungo bado tunapokea wagonjwa wanaoamka wamekakamaa, mabega na nyonga zikiwauma, na wanavumilia kwa kuamini kwamba maumivu hayo ni dawa inayofanya kazi. Godoro linalokuumiza halikutibu.

Mwaka 2003 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Waligawiwa magodoro kwa kura, baadhi magumu na baadhi ya ugumu wa kati, bila kuambiwa nani kapata lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ugumu wa kati ndio waliokuwa na nafuu kubwa zaidi: maumivu yalipungua wakiwa kitandani, yalipungua walipoamka, na shughuli zao za mchana ziliathirika kidogo kuliko za wenzao. Kwenye kipimo kinachoanzia 1 kwa godoro gumu kabisa hadi 10 kwa laini kabisa, godoro la ugumu wa kati lilikuwa kwenye 5.6, na lile gumu kwenye 2.3. Maana yake ni kwamba "ugumu wa kati" wa utafiti ule ulikuwa kweli katikati, wala si gumu lililolainishwa juujuu.

Sababu iko kwenye umbo la mwili. Uti wa mgongo una mikunjo yake ya asili: shingoni unaingia ndani, sehemu ya kifua unatoka nje, kiunoni unaingia ndani tena. Ukilala chali juu ya kitu kigumu, uzito wote unabebwa na mabega na makalio, huku kiuno kikining'inia bila kuegemea chochote. Misuli ya kiuno, ambayo ilipaswa kupumzika, inabaki imejikaza. Ukilala ubavu, bega na nyonga zinakandamizwa, na utageukageuka usiku kucha kutafuta nafuu. Godoro laini kupita kiasi nalo lina dhara lake. Makalio, ambayo ndiyo mazito zaidi, yanazama, mgongo unajipinda na unabaki hivyo kwa saa nyingi. Godoro zuri kwako ni lile linaloruhusu bega na nyonga kuzama kidogo, na wakati huohuo likakishika kiuno.

Hili unaweza kulipima mwenyewe. Lala chali, kisha pitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita kwa ulegevu na kubakiza nafasi, godoro ni gumu mno kwako. Ukilazimika kukisukuma kwa nguvu, umezama. Kikipita kwa kugusa mwili na godoro kwa pamoja, uko karibu na penyewe. Kwa anayelala ubavu, mwombe mtu asimame nyuma yako atazame mstari wa uti wa mgongo kutoka shingoni hadi makalioni: usiwe umepinda kwenda chini wala juu. Dukani usikae tu ukingoni mwa godoro ukalibonyeza kwa mkono. Vua viatu, lala kwa mkao unaolalia kila siku, na ubaki hapo dakika kumi na tano hivi hadi misuli ilegee. Usione haya mbele ya muuzaji, kwa maana utakayelilalia kwa miaka ni wewe.

Uzito wako una uamuzi mkubwa kuliko maandishi ya kwenye lebo. Godoro ambalo mtu mwembamba analiona gumu, mtu mnene ataliona laini, kwa sababu analibonyeza zaidi. Mwenye mabega mapana anayelala ubavu anahitaji ulaini kidogo sehemu ya juu. Wenza waliotofautiana sana uzito wakichagua godoro moja la kuwaridhisha wote, mara nyingi mmoja huumia. Ikiwezekana, waweke magodoro mawili kwenye kitanda kimoja.

Kuna jambo linalowachanganya wanunuzi wengi, nalo ni uzito wa sponji na ugumu wake. Ni vitu viwili tofauti. Uzito hupimwa kwa kilo katika mita moja ya ujazo, na unakuambia sponji itadumu kiasi gani kabla ya kubonyea. Ugumu unakuambia jinsi inavyokupokea ukilala. Sponji nzito inaweza kutengenezwa laini, na sponji nyepesi inaweza kutengenezwa ngumu, ikakufurahisha miezi michache kisha ikafanya shimo pale makalio yanapokaa. Kwa hiyo uliza yote mawili. Neno "ortopediki" nalo lisikupumbaze. Kuandikwa kwake juu ya godoro hakuthibitishi kwamba godoro limepimwa na madaktari.

Kuhusu aina, sina moja ninayoiweka juu ya nyingine kwa kila mgonjwa. Sponji inayofuata umbo la mwili hulainika kwa joto na hupunguza mkandamizo wa mabega na nyonga, lakini hukushika, na wanaosikia maumivu wakati wa kujigeuza huhangaika ndani yake. Hao mara nyingi hupata ahueni kwenye lateksi, yaani sponji ya mpira, au springi, ambazo zinarudisha msukumo haraka. Kwenye springi, chagua zile ambazo kila moja imeshonewa mfuko wake, maana hubonyea palipo na mwili tu.

Kabla ya kutoa pesa, kikague kitanda. Chaga zilizovunjika, zilizolegea au zilizoachana sana hufanya hata godoro zuri lipinde, na lawama zote huangukia godoro. Weka godoro lako sakafuni usiku mmoja au miwili. Mgongo ukipata nafuu, tengeneza chaga kwanza. Lakini usilifanye la kudumu, kwa sababu unyevu hujikusanya chini na kuleta ukungu, na kuinuka kutoka sakafuni ni adhabu kwa mwenye kiuno kibovu. Kama tatizo la godoro ni ugumu, tandika blanketi nene au sponji nyembamba juu yake uone. Lililobonyea, hata hivyo, halina tiba. Ukiliona limeacha shimo ambalo halirudi, au ukigundua kwamba unaamka vizuri kila unapolala kwingine, muda wake umeisha. Likija jipya, lipe wiki kadhaa. Mwili uliozoea shimo huchukua muda kuzoea usawa.

Mkao nao una nafasi yake. Ukilala ubavu, weka mto kati ya magoti ili nyonga ya juu isiuvute uti wa mgongo. Ukilala chali, weka mto chini ya magoti. Kulala kifudifudi huizungusha shingo na kukibonyeza kiuno ndani; asiyeweza kuacha aweke mto mwembamba chini ya tumbo.

Asubuhi inahitaji uangalifu wa pekee. Diski zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hufyonza maji ukiwa umelala, ndiyo maana mtu huamka akiwa mrefu kuliko alivyokuwa jioni, kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Zikiwa zimejaa hivyo, kuinama kunaziongezea mkazo. Basi saa ya kwanza baada ya kuamka usiiname kunyanyua ndoo wala kufanya mazoezi ya kugusa vidole vya miguu. Ukitoka kitandani, geukia ubavu kwanza, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Usijinyanyue kwa kiuno. Baada ya hapo tembea. Kulala kutwa nzima kwa sababu mgongo unauma hurefusha ugonjwa, hata ukiwa juu ya godoro bora kuliko yote.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba takriban asilimia 90 ya maumivu hayo hayana chanzo mahususi kinachoweza kuonekana. Kwa kundi hilo kubwa, godoro ni msaada mmoja kati ya kadhaa, pamoja na mazoezi, kutembea na kupunguza kukaa muda mrefu.

Wapo ambao godoro halihusiki kabisa. Kijana anayeamshwa na maumivu usiku wa manane, akakakamaa zaidi ya nusu saa asubuhi, kisha akapata nafuu kadiri anavyotembea, achunguzwe ugonjwa wa uvimbe wa viungo vya mgongo. Hali hiyo ina dawa zake na ni hasara kuichelewesha. Vilevile amwone daktari mapema yeyote ambaye maumivu yake yanaambatana na homa au kupungua uzito bila sababu, aliyewahi kuugua saratani, au ambaye maumivu yalianza baada ya kuanguka. Na ukihisi ganzi sehemu za siri na kuzizunguka, ukashindwa kuzuia mkojo au choo, mkojo ukagoma kutoka, au mguu ukaishiwa nguvu, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.