Je, wajua kwa nini mapinduzi ya 1964 nchini Kongo hayakutoka migodini Katanga?

Ukiingia Lubumbashi, mji wetu wa shaba huku Katanga, kusini mwa Kongo, hata uje kwa njia gani, macho yako yatakutana na vitu viwili: bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia shaba, na kando yake kile kilima cheusi cha mabaki ambacho hapa tunakiita terril. Shaba ya kwanza iliyeyushwa hapo 1911. Kizazi baada ya kizazi, maelfu ya watu wameamshwa na king'ora cha kampuni moja, Union Minière, wakalala katika nyumba za kampuni hiyo na kuzikwa kwa jeneza lililotengenezwa na mafundi wake.

Jirani yangu, kijana anayesoma chuo kikuu, alinijia jioni moja na swali lililomsumbua tangu darasani. «Papa, kama Marx alisema mapinduzi yataletwa na wafanyakazi wa viwandani, basi katika Kongo nzima yangeanzia hapa kwetu. Mbona 1964 moto wa uasi uliwaka kwa wakulima wa Kwilu huko magharibi, na Uvira na Fizi huko mashariki, na huku migodini kukawa kimya?»

Nilimwambia anipe siku chache. Swali hili limewasumbua watu wenye vichwa vikubwa kuliko changu, na kila mmoja alilijibu kutoka pale alipokuwa amesimama.

Tuanze na Karl Marx mwenyewe, mwanafikra wa Kijerumani. Yeye na mwenzake Engels walipotoa ile Ilani ya Kikomunisti 1848, walimtegemea mfanyakazi wa kiwandani kwa sababu zinazoeleweka. Mtu huyo hana shamba wala mtaji. Ana mikono yake tu. Amekusanywa na wenzake mahali pamoja, wanafanya kazi kwa saa ileile, wanalipwa na mkono uleule, kwa hiyo ni rahisi wajione kuwa kitu kimoja. Ila wengi husahau kwamba Marx huyohuyo, alipoulizwa 1881 na mwanamapinduzi wa Urusi, Vera Zasulich, kama ni lazima vijiji vya Urusi vipitie ubepari kwanza, alihangaika na jibu. Aliandika rasimu kadhaa, kisha akatuma barua fupi akisema maelezo yake yalihusu Ulaya ya Magharibi, na kwamba ardhi ya pamoja ya kijiji cha Kirusi ingeweza kuwa mwanzo wa kitu kipya. Kwa hiyo wanaoshika maneno ya Marx kama sheria ya reli wameshika zaidi ya alichosema.

Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, aliongeza jambo moja linalotugusa. Mwaka 1916 aliandika kwamba faida inayotoka makoloni inawawezesha mabepari kulihonga tabaka la juu la wafanyakazi wa nchi zao, wakatulia. Mao wa China naye, katika ripoti yake ya 1927 kuhusu jimbo la Hunan, aliwageukia wakulima: hao ndio nguvu, anayetaka kuwaongoza aende kwao. Hayo ndiyo mawe mawili aliyojengea Frantz Fanon.

Fanon alizaliwa Martinique, akawa daktari wa magonjwa ya akili Algeria, akajiunga na wapigania uhuru wa huko. Agosti 1960 alikuwa Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, kwenye mkutano wa nchi za Afrika ulioitishwa wakati wa serikali ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, kwa hiyo Kongo aliiona kwa macho. Kitabu chake Les Damnés de la terre, yaani waliolaaniwa wa dunia, kilitoka 1961, mwaka aliokufa akiwa na miaka 36. Humo anasema neno lililowakasirisha wasomi wengi wa mrengo wa kushoto: katika koloni, mfanyakazi wa mjini ndiye aliyedekezwa na wakoloni. Anatoa hata orodha: madereva wa tramu na teksi, wafanyakazi wa migodini, wa bandarini, wakalimani, wauguzi. Hao, anasema, wana cha kupoteza. Asiye na cha kupoteza ni mkulima, pamoja na yule aliyekimbia kijiji akabaki pembezoni mwa mji bila kazi.

Wafanyakazi wa migodini wamo kwenye orodha hiyo. Maana yake ni sisi.

Je, alisema kweli? Nusu yake ni kweli, na nusu hiyo inaonekana hadi leo kwenye kambi za zamani za wafanyakazi. Union Minière, iliyoanzishwa 1906, mwanzoni iliwachukua watu kwa mikataba mifupi na kuwazika kwa wingi, maradhi yaliwamaliza. Kuelekea 1928 ikabadili njia. Daktari Léopold Mottoulle akawa mbunifu mkuu wa siasa mpya: mkataba wa miaka mitatu, mfanyakazi alete mke, apewe nyumba, watoto wazaliwe kambini, wapimwe, wasomeshwe. Haikuwa huruma. Mfanyakazi anayekaa na kujua kazi ana gharama ndogo kuliko kutafuta mwingine kila mwaka.

Mzee mmoja wa Katuba aliyekulia kambini alinisimulia siku ya posho. Mama yake alikuwa akipanga mstari na mfuko wa unga wa bukari, yaani ugali, begani, bakuli la maharagwe mkononi, chupa ya mafuta ya mawese kwenye kamba, na yeye mtoto ndiye aliyebeba samaki wakavu. Mgao ulifuata idadi ya watoto, kwa hiyo karani alihesabu vichwa. Mtoto akikosa kliniki, mama aliulizwa. Nyumba isipofagiwa, baba aliitwa. «Union Minière njo baba, njo mama,» yaani ndiyo baba, ndiyo mama, ndivyo walivyosema wakati ule, na mzee aliyarudia maneno hayo bila kucheka. Baba anayelisha ndiye anayeshika fimbo, na anayemtegemea kwa chakula, matibabu na paa la nyumba hufikiri mara saba kabla ya kumpinga.

Fanon anafaulu hapo. Lakini nusu ya pili inamshinda, maana waliodekezwa hawakukaa kimya siku zote. Desemba 1941, vita vya dunia vikiwa vimepamba moto na shaba yetu ikihitajika kuliko wakati wowote, bei za vitu zilipanda na mishahara ikabaki nyuma. Wafanyakazi Waafrika wakagoma, Likasi na hapa. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville, kama mji ulivyoitwa wakati huo, wakisubiri jibu. Jibu lilikuwa risasi za askari. Makumi walikufa, akiwemo Léonard Mpoyi, karani aliyejua Kifaransa na ambaye wenzake walimchagua kusema kwa niaba yao. Watu hao walikuwa na nyumba, posho na kliniki, na bado walikwenda uwanjani. Ninapomsoma Fanon, uwanja ule hautoki kichwani.

Basi kilichowanyamazisha 1964 ni nini, kama si posho peke yake?

Mimi naona jibu liko kwenye asili za watu, na kampuni ndiyo iliyoupanda mti huo. Ili kuwapata wafanyakazi, Union Minière iliwatoa Kasai, Rwanda, Urundi na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Kambini waliishi mlango kwa mlango, lakini siasa ilipoanza, kila mmoja alikumbushwa alikotoka. Katika uchaguzi wa komine, yaani wilaya za mji, wa Desemba 1957 hapa mjini, wakuu wa komine walioshinda wote walikuwa watu wenye asili ya nje ya Katanga. Mwaka uliofuata, chama cha Conakat kikaundwa kuwatetea waliojiita Wakatanga halisi. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa chama hicho, akatangaza Katanga kujitenga na Kongo, na kodi ya Union Minière ikaenda kwenye hazina yake. Januari 1961 Lumumba aliletwa hapa, akauawa nje ya mji. Kabla mwaka huo haujaisha, makumi elfu ya Baluba, wengi wao wenye asili ya Kasai, walikuwa wamekimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa mjini humuhumu, wakiwakimbia watu waliokuwa wenzao kazini. Tabaka la wafanyakazi linalotajwa vitabuni lilikuwapo, maana mikono ilikuwa ileile na tanuru lilelile. Ila mioyo ilikuwa imekwisha kugawanywa.

Sasa tuwatazame hao «wakulima» wa Kwilu. Neno hili linaficha mambo. Wengi wao walikuwa wakikwea michikichi kukata vishada vya mawese kwa ajili ya makampuni, wakilipwa kidogo, na wakati mwingine wakilazimishwa. Wapende wa eneo hilo waliwahi kuasi 1931 na wakauawa kwa mamia. Kwa hiyo mtu aliyeshika panga 1964 alikuwa mkulima, ndiyo, na pia alikuwa kibarua wa kampuni kubwa. Kwa upande mwingine, mfanyakazi wetu wa shaba alikuwa na mke anayelima nje ya mji na ndugu kijijini. Mstari kati ya mkulima na mfanyakazi, ulionyooka sana katika maandishi ya Ulaya, huku kwetu ulipinda.

Pierre Mulele alilielewa hilo kuliko wengi. Alikuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba, akaenda China kujifunza vita vya msituni, akarudi Kwilu kwa siri 1963, na Januari 1964 uasi ukaanza. Aliwafundisha vijana wake kwamba nchini kuna vyama viwili tu, cha matajiri na cha maskini. Lakini neno lililowasukuma watu kweli halikutoka China wala kwa Marx. Wanavijiji wenyewe walisema wanataka uhuru wa pili. Ule wa kwanza, wa 1960, waliuona ukishukia viti vya wanasiasa wapya: magari, nyumba za Wazungu, mishahara minono, huku walimu wakikosa malipo na barabara zikiliwa na majani. Mwanahistoria Nzongola-Ntalaja ameandika sana kuhusu neno hilo, na mimi naliheshimu kama fikra kamili ya kisiasa, iliyotungwa na watu ambao hakuna aliyewaita wasomi.

Wapo waliomjibu Fanon wakati uleule. Nguyen Nghe, mwandishi kutoka Vietnam, alimkosoa 1963 akisema mkulima peke yake hafiki kwenye ufahamu wa mapinduzi. Lazima mtu wa mjini aende kijijini akaishi naye. Amílcar Cabral, aliyeongoza vita vya Guinea-Bissau, alisimama Havana Januari 1966 na kusema jambo gumu zaidi: wasomi na makarani, wale mabwanyenye wadogo, ndio watakaoshika usukani, kwa hiyo wana njia mbili, wayasaliti mapinduzi, au wajiue kama tabaka na kuzaliwa upya kama wavujajasho. Mulele alikuwa karibu na mfano huo, waziri aliyelala msituni. Lakini hata yeye alikwama palepale tulipokwama sisi: uasi wake haukutoka vizuri nje ya makabila mawili, Wapende na Wambunda. Aliuawa Kinshasa Oktoba 1968 baada ya kuahidiwa msamaha.

Upande wa mashariki, Che Guevara, mmoja wa viongozi wa mapinduzi ya Kuba, alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma Aprili 1965 kuwasaidia waasi, akitumia jina la Kiswahili, Tatu. Wakuba aliokuja nao pia walipewa hesabu zetu, Moja na Mbili wakiwa wa kwanza. Huko Fizi aligundua kitu kilichomtikisa. Alizoea kuwaahidi wakulima wa Amerika ya Kusini ardhi, lakini hapa kila mtu alikuwa na shamba lake. Hakukuwa na kabaila wa kunyang'anywa. Akajiuliza mapinduzi yatawapa nini watu hawa, na hakupata jibu lililomridhisha. Novemba akaondoka, na maandishi yake kuhusu miezi hiyo yanaanza kwa kukiri kwamba ni historia ya kushindwa. Naona uaminifu huo una thamani kuliko nadharia nyingi zilizoandikwa kwa ushindi.

Mwezi huohuo wa Novemba 1965 Mobutu alichukua madaraka, na chama alichokiunda 1967 akakiita Mouvement Populaire de la Révolution, yaani Harakati ya Watu ya Mapinduzi. Kifaransa kinatenganisha révolution na coup d'État. Kiswahili kinasema mapinduzi kwa vyote viwili, na wazazi wetu waliosikia neno hilo redioni walikuwa na haki ya kuuliza ni yapi.

Kampuni ilitaifishwa, mwishowe ikawa Gécamines, na baba akaendelea kulisha kwa muda. Kisha uzalishaji ukaporomoka miaka ya 1990, na 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaachishwa kazi kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa chuo kikuu chetu, aliandika kitabu 2001 ambacho jina lake linasema wana wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa enzi za Mobutu, wameachwa na baba yao.

Nilimsomea kijana yule haya yote, isipokuwa mistari hii ya mwisho. Alinyamaza kidogo. Baba yake ni mmoja wa walioondoka 2003, na yeye mwenyewe kila likizo huenda Kolwezi na wachimbaji wadogo ili apate pesa za masomo. Anashuka shimoni kwa kamba, analipwa kwa gunia, hana mkataba wala posho, na shamba la babu hajawahi kuliona. Akaniuliza, Fanon angemweka wapi? Tumekubaliana kuufungua tena ukurasa ule wa orodha Jumapili, na baba yake amesema atakuja.