Ada ya wakili: uliza inalipia nini

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu, dawati la msaada wa kisheria, akafungua daftari la hesabu la mwanawe. Ukurasa wa nyuma ameandika kwa kalamu ya bluu: "Wakili 300,000. Nauli ya wakili 50,000. Wakili tena 100,000." Mistari kumi na mmoja. Shauri lake la kiwanja katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilikuwa halijasikiliza hata shahidi mmoja. Mkataba hana, risiti hana. "Hivi mwanangu, hapa sijapigwa?"

Jumla haikunishtua. Kilichonishtua ni ile mistari: alikuwa akilipia kila tarehe ya shauri kutajwa barazani, na tarehe nyingi ziliishia kuahirishwa. Malipo ya namna hiyo yasiyo na kikomo siyapendi hata kidogo. Shauri likikwama, anayeumia ni mteja peke yake.

Kazi ya wakili kwa sehemu kubwa haionekani. Mteja humwona akisimama dakika tano mbele ya mheshimiwa. Hamwoni akisoma jalada usiku, akipekua hukumu za nyuma, akiandaa majibu ya madai na mashahidi. Ndani ya ada yake mna pango la ofisi, mshahara wa karani na leseni ya kila mwaka. Mawakili vijana wengi ninaowafahamu hawabaki na kitu.

Mwaka 1972, katika shauri la Premchand Raichand dhidi ya Quarry Services, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka kipimo kinachofuatwa hadi leo Tanzania na Kenya: gharama zisipande hadi mahakama ikawa ya matajiri tu, wala malipo yasishuke hadi watu wakaikimbia taaluma. Naamini kipimo hicho ni cha haki.

Na yupo mtu wa kukitumia. Chini ya Amri ya Malipo ya Mawakili ya Tanzania ya mwaka 2015, ankara ya gharama hupelekwa kwa msajili wa mahakama, naye huipitia kipengele kwa kipengele na kukata kilichozidi; huo ndio ukadiriaji. Aliyeshinda kesi akimdai mwenzake gharama, na zaidi ya moja ya sita ya ankara yake ikakatwa, hapati gharama za ukadiriaji huo. Ankara ya wakili kwa mteja wake nayo hukadiriwa. Lakini wakili akila fedha ulizoshinda mahakamani, hilo si suala la ada. Lipeleke Kamati ya Mawakili, inayosikiliza malalamiko dhidi ya mawakili.

Kabla hujatoa hata shilingi, omba mkataba wa maandishi unaosema ada ni kiasi gani kwa kazi nzima, inalipwa kwa awamu zipi, nauli na ada za mahakama zimo au hazimo, na rufaa ikitokea itakuwaje. Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kila unapolipa.

Asiye na uwezo ana haki ya kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na msaada huo ni bure.

Yule mama tulimwandikia wakili wake barua. Alikuja mwenyewe na jalada nene. Kazi alikuwa ameifanya kweli. Wakaelewana kiasi kimoja hadi hukumu, yale ya daftarini yakahesabiwa humo, na wote wawili wakasaini.