Je, wajua? Kicheko cha I Love Lucy hakikutoka kwenye mashine

Wengi wakisikia kile kicheko kinacholipuka nyuma ya vichekesho vya zamani vya Kimarekani huapa kuwa kimepachikwa. Kwa vingi hawakosei: miaka ya 1950 fundi sauti Charles Douglass alibuni mashine iliyohifadhi vicheko vya kila namna, ukibonyeza tu kinatoka unachokitaka. Lakini I Love Lucy, tamthilia ya kuchekesha iliyoanza kurushwa na CBS, kampuni ya televisheni ya Marekani, Oktoba 15, 1951, huonewa ikitiwa katika kundi hilo. Waliocheka walikuwepo: watu kama 300 waliokaa studioni Hollywood, maikrofoni zikining'inia juu yao. Miongoni mwao alikuwemo mama mzazi wa Lucille Ball, mwigizaji mkuu, na mguno wake husikika pale bintiye anapokaribia kuharibu mambo.

Kisa chenyewe ni chepesi. Lucy, mke wa nyumbani asiyetulia, anataka kupanda jukwaani na mumewe, Ricky, kiongozi wa bendi mzaliwa wa Kuba, mume hataki. Ricky aliigizwa na Desi Arnaz, mume wa Ball hata nje ya studio.

Kazi ilikuwa kwenye kupiga picha. Filamu za sinema kwa kawaida zilipigwa kwa kamera moja: mnaigiza, mnasimama, taa zinahamishwa, mnarudia kwa upande mwingine. Mbele ya hadhira, hilo halifai. Kichekesho ni kama kitendawili. Kikishateguliwa, ukikitega tena watu watakuitikia kwa adabu tu. Ikabidi kila tukio liigizwe mfululizo kama mchezo wa jukwaani, kamera tatu zikipiga kwa pamoja, nyingine ikichukua chumba kizima, nyingine zikifuata nyuso. Hawakuwa wa kwanza kutumia kamera kadhaa namna hiyo, ingawa sifa hiyo hupewa mara kwa mara.

Tatizo lililofuata ni kwamba taa inayompendezesha mtu kwenye kamera moja humtia kivuli kwenye ya pili. Karl Freund, mpiga picha mkuu wa kipindi, ambaye huko Ujerumani alikuwa mmoja wa wapiga picha wa filamu ya Metropolis, alizipandisha taa nyingi juu ya seti, zikamwaga mwanga ulio sawa kila upande. Hakuna tena cha kuhamisha.

Uhaba wa kicheko haukuwahi kuwasumbua. Katika kipindi kimoja cha mwaka 1957, Lucy anacheza dansi ya tango na mumewe huku ameficha mayai mabichi ndani ya blauzi. Kifua kikakutana na kifua. Inasimuliwa kuwa hadhira ilicheka kwa sekunde 65, hata wahariri wakalazimika kukikata kicheko hicho ili kipindi kienee kwenye muda wake.