Taharuki: Kelele Zinazotangulia Kisu

Taharuki ni ile hali ya msomaji au mtazamaji kushikwa na wasiwasi pamoja na hamu ya kujua litakalofuata. Kutaharuki ni kuhangaika, kukosa utulivu. Neno limetoka Kiarabu, mzizi mmoja na haraka na harakati, kwa hiyo ndani yake mna mwendo: moyo unakimbia mbele ya hadithi. Wanafunzi wetu hulikariri katika orodha ndefu ya mbinu za fasihi. Kwenye filamu za uhalifu, zile za usiku, mvua na mpelelezi asiyelala, hiyo ndiyo roho yenyewe.

Wengi huichanganya na mshtuko. Tofauti niliielewa vizuri katika kibanda cha video Kondele, hapa Kisumu, tumebanana kwenye mabenchi. Mwanamke kwenye skrini alikuwa akitafuta ufunguo wa mlango wake. Sisi tulishaona ncha za viatu chini ya pazia lake, yeye hajaona. Mama aliyekuwa akiuza chai alisimama, thamosi imeinama, kikombe nusu. Ndipo benchi la nyuma likaanza, kwa Kijaluo na Kiswahili: "Kik idonji! Usiingie, dada, rudi!" Hiyo ndiyo taharuki. Kelele zilitoka kabla ya kisu, kwa sababu tulijua asichokijua. Kama yule mtu angetuzukia tu bila dalili, tungepiga yowe baada ya tukio na yowe lingeishia hapo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni filamu ya Fritz Lang iitwayo M, iliyotoka Ujerumani mwaka 1931. Msichana mdogo, Elsie, anadundisha mpira wake kwenye tangazo la kumsaka muuaji wa watoto. Kivuli cha mtu kinaliangukia tangazo hilo, na sauti inausifu mpira. Nyumbani mama anaandaa chakula, anatazama saa, anaita ngazini. Haitikiwi. Tunaonyeshwa sahani tupu mezani, mpira ukibingirika kwenye nyasi, puto lililonasa kwenye nyaya. Hakuna tone la damu. Muuaji huyo ana mazoea ya kupiga mluzi wa wimbo uleule, na tangu hapo kila ukisikika mwili unasisimka. Hatimaye anayemtambua kwa mluzi huo ni muuza maputo kipofu.

Kwetu, Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga, ya mwaka 2012, imeijenga taharuki kwa njia nyingine. Mwas ametoka kijijini kutafuta uigizaji, akaangukia genge la wezi wa vipuri vya magari. Jukwaani wenzake hawajui habari za genge, sisi tunazijua zote. Tunamhofia kwa sababu tumempenda tangu alipokuwa akiuza DVD za filamu huku akiigiza barabarani. Usipomjali mhusika, hata bastola kichwani mwake haikusumbui.

Filamu za uhalifu zina udhaifu wake pia. Kuna sadfa: mpelelezi anakwama, mara anakutana na shahidi dukani kwa bahati tu. Sadfa ya kumtia mhusika mashakani naikubali, ya kumwokoa inaniudhi. Kuna giza lisilo na kazi, picha nyeusi hata uso hauonekani, kana kwamba kuzima taa ni kuwa na kina. Na kuna maiti za wanawake zinazoonyeshwa kwa karibu na kwa muda mrefu, za watu ambao hatukupewa hata majina yao. Hilo naliona kosa kubwa kuliko yote, maana marehemu amegeuzwa pambo.

Lakini linaloiua taharuki kabisa ni kumficha mtazamaji jambo ambalo alistahili kuliona. Fumbo la haki huweka dalili mbele yako nawe ukazipita. Ile filamu ya Kondele haikufanya hivyo. Kwa saa nzima tulibishana nani mwenye vile viatu, mmoja akimshuku mume, mwingine askari mwenye kikohozi. Mwishowe akafunuliwa mtu ambaye hatukuwahi kumwona tangu mwanzo, akakiri yote katika hotuba ndefu. Yule mwanamke akakimbilia tena mlango uleule, safari hii akifukuzwa, na benchi la nyuma halikumwambia neno.