"Mimi nilipona, nitoeni damu mumpe mdogo wangu"

Mwanzoni mwa 2021, kipindi kile Uviko (korona) tunauita "changamoto ya upumuaji" na nusu ya Dodoma inanukia mwarobaini na mchaichai wa nyungu, alikuja mzee mmoja dirishani kwetu maabara ya damu. Katoka Kongwa na basi la asubuhi, vumbi bado liko kwenye koti. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba haraka haraka afu akaanza kukunja mkono wa shati hapo hapo amesimama. "Mwanangu, huu ugonjwa mimi uliniangusha kabla ya Krismasi nikapona. Mdogo wangu yuko wodini, siku ya 12 leo, anapumulia oksijeni. Nitoeni damu mumpe."

Kuna mtu alicheka pale kwenye foleni. Mimi sikucheka, maana mzee alikuwa anaongea kitu ambacho madaktari wakubwa duniani walikuwa wanakihangaikia mwaka huo huo.

Iko hivi. Ukichukua kichupa cha damu yenye dawa ya kuzuia isigande, ukakisimamisha saa kadhaa, inajitenga kama maji ya lambo uliyochota kwenye ndoo ukayaacha yatulie. Chini zinakaa chembe nyekundu, juu kunabaki maji ya njano njano, ukiyaangalia utadhani mafuta ya alizeti. Hayo ndo plazma, na ni zaidi ya nusu ya damu yako. Humo ndani kuna kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kwa ajili ya adui mmoja maalum, na mtu aliyepona nimonia ya virusi anakuwa nao. Sasa kwanini usimwazime mwenzio ambaye wa kwake hawajafika?

Wazo lenyewe la zamani. Wanasayansi Behring na Kitasato walionesha mwaka 1890 kwamba maji ya damu ya mnyama aliyepata kinga yanaweza kumkinga mwingine na pepopunda au dondakoo, na Behring akapata Nobel ya kwanza kabisa ya tiba mwaka 1901. Na kuna sehemu imefanya kazi vizuri mno, mfano kule Argentina kuna homa ya kutoka damu ya virusi vya Junin, utafiti wa 1979 ulionesha waliopewa mapema, ndani ya siku 8 za kuumwa, plazma ya watu waliopona, walikufa asilimia 1 hivi, waliopewa plazma ya kawaida wakafa asilimia 16.5. Hiyo tofauti sio ya kubahatisha.

Ila Uviko ukatuumbua. Agosti 2020 Marekani waliruhusu plazma itumike kwa dharura, kila mtu akaitaka, afu Uingereza wakafanya utafiti mkubwa unaitwa RECOVERY, wagonjwa zaidi ya 11,000 waliolazwa, nusu wakapewa plazma nusu hawakupewa. Baada ya siku 28 waliokufa ni asilimia 24 huku na asilimia 24 kule. Sawasawa kabisa. Desemba 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri isitumike kwa ambao hawajazidiwa, na waliozidiwa wapewe kwenye utafiti tu.

Kwanini iligoma? Kiukweli jibu kubwa ni muda. Siku za mwanzo virusi ndo vinazaliana, kingamwili za kuazima zinaweza kuvikamata. Ikifika siku ya 12 kama yule mdogo wa mzee, mwili wake mara nyingi ushatengeneza za kwake, na kinachomnyima pumzi sio virusi tena bali moto ambao mwili wenyewe umeuwasha kwenye mapafu, pale inasaidia oksijeni na dawa ya kutuliza huo moto kama deksamethasoni. Kumwaga askari wapya hapo ni kupeleka polisi kijijini wakati mwizi kashaondoka na nyumba inaungua. Kule Argentina hiyo hiyo, wazee wenye Uviko waliopewa plazma yenye kingamwili nyingi ndani ya saa 72 za dalili, waliozidiwa walikuwa asilimia 16, wasiopewa asilimia 31. Wagonjwa 160 tu lakini, ni wachache.

Afu kuna suala la kundi, hapa ndo mzee alishangaa. Yeye ni kundi O, akajua anampa yeyote, si ndo tunavyofundishwa? Kwa chembe nyekundu sawa. Kwenye plazma mambo yanageuka, plazma ya O imebeba kingamwili dhidi ya A na dhidi ya B, na mdogo wake alikuwa A. Ingeweza kwenda kuvunja chembe zake. Anayempa yeyote plazma ni AB.

Na sio maji ya dripu, jamani. Plazma inaweza kuleta mzio, kujaza maji mwilini, au mara chache kuumiza mapafu yale yale tunayotaka kuyaokoa. Lazima ipimwe Ukimwi, homa ya ini B na C, kaswende. Kwahiyo ukiona mtu anakuuzia konekisheni ya "damu ya aliyepona" nje ya geti la hospitali, huyo ni tapeli.

Haijafa moja kwa moja lakini. Watu ambao mwili wao hauwezi kutengeneza kingamwili, kama baadhi ya wenye saratani za damu, bado wataalamu wanaifikiria kwa ajili yao. Na Ubelgiji mwaka 2023 walitoa matokeo ya wagonjwa wa Uviko walioko kwenye mashine ya kupumulia, waliowahishiwa plazma walikufa wachache kidogo kuliko wenzao, asilimia 35 kwa 45. Mjadala haujafungwa.

Siku ile mzee nilimweleza habari ya muda na kundi tu, akasikiliza mkono bado umekunjwa. Akasema sasa nimeshaukunja, nitarudi nao hivi hivi? Tukampima uzito, presha na wingi wa damu, akafaa, akachangia chupa moja ya kawaida kwa ajili ya benki. Tukampa soda na biskuti. Biskuti akala, soda akaiweka mfukoni mwa koti, akauliza wodi ya wanaume saa ya kuona wagonjwa inaanza saa ngapi.