Mpeta hauanzi juani

Kila msimu wa karafuu hapa Pemba nazunguka kambi za uchumaji kukagua ukaushaji. Ukitaka kujua kambi ipi itajirekebisha na ipi itarudia kutoa mpeta, yaani karafuu iliyoharibika, mwakani, tazama majamvi ya kuanikia: mavuno ya jana na ya leo yametengwa, au yameshachanganywa?

Karafuu nzuri hukauka kwa siku nne au tano za jua kali, ikabaki na theluthi hivi ya uzito wake wa ubichi. Kichwa kizima, rangi ya hudhurungi, ukiivunja inalia. Mpeta umesinyaa na kupauka, na mnunuzi anaujua kwa jicho tu. Ukionekana, wote humgeukia mwanikaji, kwa kuwa umeonekana kwake. Mara nyingi kosa limeshafanyika siku mbili tatu nyuma, usiku, karafuu mbichi zilipolala zimeshindiliwa kwenye magunia zikapata joto na kuchachuka.

Zililalaje humo? Mchumaji analipwa kwa pishi, basi hashuki mkarafuuni mpaka kiza kiingie. Kuchambua kunaanza baada ya magharibi, na wachambuaji, wengi wao kina mama na watoto, wanatoa makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka usingizi unawashinda. Kilichosalia, "tutamaliza asubuhi." Hapo huwezi kumtaja mzembe. Mvua za vuli nazo zina yao: wingu likitanda, watu wanazoa kila kitu, wanarundika na kufunika turubai, na joto ni lile lile.

Yapo makosa ya mtu mmoja, na hayo sina haja ya kuyaitia kikao. Anayekanyaga karafuu akizigeuza, vichwa vikakatika, aambiwe pale pale, yaishe.

Kwa yale ya kambi nzima nashauri kila siku iwe na jamvi lake na kipande cha boksi kilichoandikwa: zimechumwa lini, kuchambua kumekwisha saa ngapi, zimeanikwa saa ngapi, mvua imenyesha au la. Mpeta ukitokea jamvi la Jumanne, tunaulizana habari za Jumanne usiku. Zisizowahi kuchambuliwa zitandazwe sakafuni ndani ya nyumba, zisilale guniani. Baadhi ya wenye mashamba hawapendi kutenganisha. Wanaona mpeta ukichanganywa na nzuri utafichika. Haufichiki. Gunia zima linashushwa daraja, na ushahidi umepotea humo humo.

Kwenye mazungumzo hayo naomba waitwe na wachambuaji, wanaosahauliwa kila mara, maana wao ndio wanaojua taa ilizimwa saa ngapi na magunia mangapi yalibaki. Na yasifanywe siku ya malipo. Siku hiyo kila mmoja anahofia kukatwa pishi zake, na hutasikia ila "mimi sikuwapo."